Dai la Wazee: Maisha, Siasa na Hasara katika «Vocabulaire de ville de Elisabethville»

1. Utangulizi

Maandishi ya Kiswahili yaliyotungwa Kongo na watu wa tabaka la chini, kwa ajili ya watu wa tabaka lao wenyewe, si mengi. Miongoni mwa machache yanayofahamika yamo yale ya mwaka 1965 yenye jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani Msamiati wa mji wa Elisabethville. Aliyeyakusanya ni André Yav, mtu aliyepata kuwa mtumishi wa nyumbani katika mji huo, naye aliyakusanya kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani. Mji uliotajwa ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka 1966 ukapewa jina la Lubumbashi. Kwa hiyo maandishi haya yametokea karibu na mwisho wa lile jina la kikoloni, kama daftari la hesabu linalofungwa kabla duka halijabadili mwenyewe.

Wasomaji wa vyuo vikuu waliyapata maandishi haya mwaka 1990, Johannes Fabian alipoyatoa katika kitabu kwa msaada wa Kalundi Mango, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Tangu hapo yamesomwa na watu wa aina tatu. Wanahistoria wametafuta ndani yake matukio ya enzi ya Wabelgiji. Wanaisimu wametafuta sarufi ya Kiswahili cha Katanga. Wanaanthropolojia wametafuta jinsi watu wasiosoma shule nyingi wanavyotumia maandishi. Kila mmoja amepata alichotafuta. Hata hivyo, swali moja la msingi la uhakiki halijapewa uzito wake, nalo ni hili: wanaosema ni nani, na wanasema wakiwa katika umri gani wa maisha yao?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Msamiati ni kazi ya wazee waliomaliza kazi, na kwamba hali hiyo ndiyo inayoeleza umbo lake, lugha yake na hata makosa yake. Maandishi haya yana sura ya historia, lakini kiini chake ni dai. Mhakiki anayeyasoma kama kumbukumbu tupu huyapunguzia haki, kwa sababu kumbukumbu huhifadhiwa kabatini, ilhali dai linahitaji jibu.

2. Wasemaji na hali yao

Ili kuelewa hali ya wasemaji hawa, hapana budi kutofautisha namna za kazi zilizokuwapo Elisabethville. Mfanyakazi wa kampuni ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, alikuwa na mwajiri mkubwa asiyekufa wala kuhama. Kuanzia mwaka 1928 kampuni hiyo ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja: nyumba ya kambi, posho, hospitali, shule ya watoto. Siasa hiyo ilikuwa na ukali wake, na hakuna sababu ya kuisifu. Lakini ilimpa mfanyakazi mahali pa kuelekeza lawama zake. Karani wa serikali naye alikuwa na ofisi yake, namba yake na faili yake.

Mtumishi wa nyumbani hakuwa na kitu cha namna hiyo. Mwajiri wake alikuwa mtu mmoja mwenye jina, mke, watoto na hasira zake. Mara nyingi alilala katika boyeri, kijumba cha nyuma ya nyumba ya bwana, katika sehemu ya mji ambayo Mwafrika mwingine hakuruhusiwa kukaa. Siku alipofukuzwa kazi ndiyo siku aliyopoteza paa. Aidha, Mzungu aliyemaliza kipindi chake na kurudi Ulaya aliondoka na uajiri wenyewe. Kilichobaki ni barua ya sifa, ikiwa iliandikwa, na nguo kuukuu.

Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960, na Katanga ilipojitenga tarehe 11 Julai mwaka huohuo hadi Januari 1963, Wazungu wengi walihama, wengine kwa haraka. Watumishi waliokuwa wametumia nguvu zao zote katika majiko yao walijikuta wazee bila mwajiri. Sheria ya tarehe 29 Juni 1961 iliunda mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, lakini sheria hiyo iliwakuta wengi wao wamekwisha kuinama mgongo.

Hivyo chama chao hakikuwa chama cha wafanyakazi kwa maana ya kawaida, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Kilikuwa ni jamii ya wastaafu ambao hakuna aliyewastaafisha rasmi. Watu wa namna hiyo wakikutana, kitu kimoja wanachoweza kukiweka pamoja bila kuwa na fedha ni walichokiona. Ndicho alichopewa Yav akiandike.

3. Maisha ya kila siku

Mtumishi wa nyumbani humjua bwana wake kwa namna asivyojulikana na askari wala padri. Anajua anachokula na anachokiacha sahanini. Anajua siku mshahara wa bwana mwenyewe ulipochelewa, na usiku ambao bibi alilia. Maarifa hayo hayaandikwi katika ripoti za serikali. Thamani ya kwanza ya Msamiati ni kwamba historia ya mji imetazamwa kutoka mlango wa jikoni, na watu wakubwa wa zamani hutokea humo wakiwa na ukubwa wa kawaida wa binadamu.

Kutoka mlango huo hata mpangilio wa historia hubadilika. Vitabu vya shule vya enzi ya ukoloni vilipanga miaka kwa magavana na kwa tani za shaba. Wazee hawa wanapanga miaka kwa bwana waliyemfuata, kwa safari waliyobeba mizigo yake, kwa mshahara uliopanda au kushuka, kwa chakula kilichopatikana au kukosekana. Vita vya 1914 hadi 1918 na mgogoro wa uchumi wa miaka ya 1930 ni mambo ya dunia nzima, lakini mtumishi huyajua kwa yale yanayofika katika chungu chake.

Hapo ndipo jina la maandishi linapoanza kueleweka. Msomaji anayetafuta orodha ya maneno na maana zake hataipata, kwa kuwa Msamiati haukupangwa kama kamusi. Hata hivyo jina halikukosewa. Mtu aliyeishi kwa kuamriwa katika lugha ya mwingine hujifunza mapema kwamba neno ni chombo cha kazi: asiyejua jina la kisu, la shuka au la sahani hupigwa. Watumishi walijifunza maneno ya Wazungu ili waishi. Nao kwa upande wao waliwapa Wazungu majina ya utani, ambayo wenyewe aghalabu hawakuyajua. Mji mzima ulikuwa na majina mawili mawili, la juu na la chini. Kuandika «msamiati» wa mji ni kuyatoa majina ya chini hadharani, na kusema kwamba walioyatunga walikuwa wenyeji wa mji, hawakuwa wapita njia.

4. Siasa

Siasa katika Msamiati haikai katika sura yake yenyewe. Imeenea katika masimulizi yote, kwa sababu kwa mtumishi siasa ilikuwa ndani ya nyumba aliyoifagia. Yuko wapi Mwafrika katika mji wa kikoloni aliyeona utawala kwa karibu zaidi ya yule aliyeumiminia kahawa? Lakini ukaribu huo haukumpa sauti. Askari angeweza kuasi pamoja na kikosi chake. Wachimbaji waliweza kugoma pamoja, kama ilivyotokea Desemba 1941, ambapo askari waliwapiga risasi wagomaji mjini Elisabethville. Tukio hilo baadaye lilichorwa na Tshibumba Kanda Matulu katika picha zake za historia ya nchi. Mtumishi alikuwa peke yake katika jiko la mtu mmoja. Mgomo wa mtu mmoja huitwa utovu wa adabu.

Kwa ajili hiyo, kuundwa kwa chama na kuandikwa kwa Msamiati ni kitendo cha kisiasa hata kabla ya mtu kusoma ukurasa wa kwanza. Watu waliotenganishwa na kazi kwa miaka mingi, kila mmoja katika ua wa bwana wake, walikusanyika uzeeni na kupata wingi ambao hawakuwa nao ujanani. Masimulizi yanatoka kinywani mwa kundi, na mtungaji anazungumza kwa niaba ya wenzake na ya baba zao waliowatangulia.

Hapa yafaa kutaja habari za batumbula, watu waliosadikiwa kuwa walitumwa na Wazungu kuwakamata Waafrika usiku. Habari hizo zilienea Katanga yote wakati wa ukoloni, na Msamiati unazisimulia pamoja na mambo mengine bila kuzitenga. Wasomaji wa leo hushawishika kufanya mojawapo ya mambo mawili: kuzitupa kama ushirikina, au kuzigeuza kuwa istiari ya unyonyaji na kufurahi kwamba zimefafanuliwa. Njia zote mbili ni za haraka mno. Wazee hawakuzisimulia kama istiari. Walisimulia hofu waliyolala nayo, na hofu hiyo ni jambo la kweli la historia hata kama waliokuwa wakihofiwa hawakuwapo. Mhakiki mwadilifu atasema wazi kwamba sehemu hizo si ushahidi wa matendo, kisha atauliza utawala wa namna gani humfanya mtu anayempikia bwana wake chakula cha jioni aamini kwamba bwana huyohuyo anaweza kumla.

5. Hasara na deni

Wengi wanaposoma maneno ya wazee kuhusu zamani hutarajia huzuni ya kutamani siku zilizopita. Katika Msamiati imo fahari ya kazi iliyofanywa vema, wala haifai kuificha. Mtu hawezi kutumia miaka thelathini katika kazi moja asiipende hata kidogo. Lakini hasara inayohesabiwa humo ni ya aina nyingine. Kinacholiliwa ni malipo ambayo hayakufika, yaani nguvu zilizotolewa na uzee ulioachwa mikono mitupu. Zamani yenyewe haitamaniwi.

Waswahili husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Taabu ya wazee hawa ni kwamba deni lipo na mdaiwa hayupo. Mwajiri wa mmoja amekufa, wa mwingine yuko Ubelgiji, wa tatu hajulikani aliko. Hakuna baraza litakalomwita. Mchimbaji aliweza kudai kwa kampuni, na kampuni ilipotwaliwa na taifa tarehe 1 Januari 1967 alijua kwamba mrithi wake ni nani. Mtumishi angemdai nani?

Jibu la Msamiati ni la ajabu na la busara: mdaiwa ni mji. Ndiyo maana masimulizi haya hayakuitwa historia ya watumishi, bali yamepewa jina la mji wote. Ikiwa mabwana wameondoka, nyumba walizozijenga zipo, barabara zipo, miembe iliyomwagiliwa maji na watumishi ipo, na watu wapya wamehamia humo. Wazee wanaueleza mji jinsi ulivyolelewa, na kwa kufanya hivyo wanauambia kwamba una deni. Kwa mtazamo huu, mambo mengi yaliyoonekana kuwa kasoro za usimulizi yanapata sababu. Kurudiarudia ni desturi ya mdai ambaye hajajibiwa. Kutaja majina mengi ni desturi ya anayeleta mashahidi. Kuanza mbali, tangu siku za Leopold wa Pili, ni desturi ya anayetaka hesabu ianze mahali pake.

6. Lugha na fani

Maandishi ya Yav yamepigwa kwa mashini bila kufuata tahajia moja. Maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa pasipotarajiwa, alama za kituo ni chache, na neno moja huandikwa kwa namna kadhaa. Msomaji aliyezoea Kiswahili cha vitabu hukwama mapema. Njia iliyotumika kuyafungua inafundisha jambo kubwa: Kalundi Mango, mzawa wa lugha hiyo, aliyasoma kwa sauti, usomaji wake ukaandikwa upya, na tafsiri ikategemea usomaji huo. Maandishi yaliyoonekana kuwa magumu kwa jicho yalikuwa yakingoja sikio.

Haifai basi kuyaita Kiswahili kibovu, hukumu inayotolewa kwa wepesi juu ya Kiswahili cha Katanga. Chukua neno hilohilo la batumbula. Kiambishi chake cha wingi ni ba-, kama ilivyo katika usemi wa Katanga. Mwanafunzi anayelisahihisha na kuandika «watumbula» amepata neno safi ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliogopa. Kadhalika boyi: neno hilo lilitoka kwa Waingereza, likapita katika vinywa vya Wabelgiji, na kumfuata mtu hadi alipokuwa babu mwenye mvi akiitwa bado mtoto wa kiume. Kuliondoa na kuweka «mtumishi» ni adabu njema, lakini ni adabu inayofuta tusi kabla mlalamikaji hajaonyesha kovu.

Hii haina maana kwamba Kiswahili sanifu hakina nafasi katika vyuo vikuu vya Kongo. Kina nafasi, na makala haya yenyewe yameandikwa humo. Maana yake ni kwamba usanifu ni chombo cha kuandikia, na hauwezi kuwa mizani ya kupimia kila kilichoandikwa. Wazee walionyimwa malipo wasinyimwe tena na ulimi.

7. Mapungufu

Kusema kwamba maandishi yana haki si kusema kwamba hayana upungufu. Upungufu wa kwanza ni wanawake. Watumishi wa nyumbani wa Elisabethville walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa, na Msamiati unasimulia dunia yao. Lakini mzee asiye na pensheni hula kwa mkono wa mtu, na katika miji ya Katanga mkono huo mara nyingi umekuwa wa mke mwenye shamba pembezoni mwa mji au meza sokoni. Waliolipia deni la mabwana kwa kulisha wazee hawa hawakupewa nafasi ya kusema hesabu yao.

Upungufu wa pili ni kwamba wingi wa sauti, ambao ndio nguvu ya maandishi, unamfunika mtu binafsi. Msomaji anajua yaliyowapata watumishi, lakini anamfahamu kidogo sana Yav, na furaha yake au aibu yake havionekani. Upungufu wa tatu ni wa tarehe na matukio: yaliyoonwa, yaliyosikiwa na yaliyohofiwa yamechanganywa, na anayetaka kuyatumia kama chanzo cha historia lazima ayalinganishe na vyanzo vingine.

8. Baada ya Yav

Swali la Msamiati halikuishia mwaka 1965. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na misukosuko ya kisiasa iliyofuata, uzalishaji ulianguka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mishahara ilikatika kwa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wametumikia kampuni kwa miongo kadhaa.

Wastaafu hao waliungana kudai, na Benjamin Rubbers amesimulia madai yao katika kitabu alichokitoa mwaka 2013. Ukiwalinganisha na wazee wa Yav, tofauti inaonekana mara moja. Hawa wa Gécamines walikuwa na mikataba, vitabu vya sheria ya kazi na hesabu za malimbikizo; walimwandikia mdaiwa anayejulikana. Wazee wa 1965 hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, wakaandika karatasi yao wenyewe. Lakini kufanana kwao ni kukubwa zaidi. Makundi yote mawili yaligundua kwamba maisha ya kazi hayamalizwi na siku ya mwisho ya kazi. Kwa wote wawili mkutano wa wazee, unaodhaniwa kuwa mahali pa kuongea mambo yaliyopita, uligeuka mahali pa siasa. Na kwa wote wawili wake ndio waliotunza nyumba, jambo ambalo Donatien Dibwe dia Mwembu ameliweka wazi kwa upande wa familia za wafanyakazi wa Katanga katika kitabu chake cha mwaka 2001.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba Msamiati wa André Yav ni kazi ya jamii ya wazee waliomaliza kazi bila kustaafishwa, kwamba maisha yao ya kila siku ndiyo siasa yao, na kwamba hasara wanayoihesabu ni deni ambalo mdaiwa wake ametoweka. Umbo la maandishi, kurudiarudia kwake, majina yake mengi na lugha yake ya mitaa ya Lubumbashi, vyote vinatii haja hiyo moja.

Yatokanayo na usomaji huu yanahusu idara za Kiswahili moja kwa moja. Katika mitaa ya Kenya, Kamalondo na Katuba wazee bado wanasema, wengine wakiwa na madaftari yaliyoandikwa kwa tahajia ya Yav. Mwanafunzi anayetumwa kwao aende na sikio kabla ya kalamu nyekundu, na aulize pia katika ua wa nyuma, kwa wake na wajane, ambao Msamiati uliwapita. Atakachokileta chuoni kitakuwa na thamani kwa sarufi na kwa historia. Lakini asisahau kuwarudishia wenyewe kilichoandikwa, kwa maana chama cha mwaka 1965 hakikumwagiza Yav aandike ili wageni wasome. Kilimwagiza ili mji usikie.